Siku Tulipougua Mbaazi za Mama

Nilikwenda kwa Sista nikiwa mzima kama ng'ombe wa Idi kubwa, nikashika tumbo kwa mikono miwili, nikamwambia linaniendesha tangu alfajiri. Huo ndio upumbavu wenyewe. Nauweka hapa juu kabisa ili mtu asije akasoma mpaka chini akinitafutia wema. Na sikwenda peke yangu. Nilikwenda na wenzangu sita, niliowafundisha mwenyewe asubuhi ile ile nyuma ya maliwato: namna ya kutembea magoti yamebanana, namna ya kukatiza maneno katikati na kutazama mlango, na namna ya kujibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuandika wasia.

Shule yetu iko kando ya njia itokayo Malindi, upande wa karibu na Mambrui. Nusu yetu tunalala bwenini na nusu tunarudi makwetu jioni. Bwenini kumejaa wa Ganze na wa Kakuyuni, na watoto wa watu wa bara ambao baba zao wanafanya kazi mahotelini. Sisi wa Mambrui tunakuja kwa miguu, tumekwisha pita chuoni kwa maalimu wa Kurani na kuchapwa huko, kwa hiyo fimbo ya mwalimu wa shule ikitukuta inakuta mahali pameshapashwa moto.

Sista ndiye muuguzi wa shule. Ni mama wa bara, mrefu, kofia nyeupe haimtoki kichwani, na Kiswahili chake kinakwenda mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Chumba chake cha dawa kina kitanda kimoja, mikeka mitatu, pazia la shuka, na pale dirishani, kwenye mwanga, chupa nne za jamu. Hizo chupa ndizo zilizoniponza.

Kila mgonjwa anayeingia, Sista humwandika daftarini kama wauguzi wote, kisha humtilia punje. Homa ni kunde. Macho mekundu ni pojo. Vipele na matubwitubwi ni mtama. Tumbo ni hindi. Kila ugonjwa na chupa yake, na kila chupa imefungwa uzi mwekundu. Jioni anazimwaga zote, kesho anaanza upya. Siku moja nilimuuliza kama anapanga kuzichanganya apike pure, akanijibu kwamba daftari linamwambia ni nani aliyeugua, lakini chupa inamwambia shule nzima inaugua nini, tena anaiona hata akiwa ameinama anafunga mtu kidonda. Punje zikigusa uzi kabla jua halijatua, hangoji. Anavua malapa, anavaa viatu vyake vyeusi vya kutokea, anakwenda ofisini kwa mwalimu mkuu kupiga simu kwa watu wa afya Malindi.

Viatu hivyo niliviona vikitoka mara moja tu, mwaka jana, yalipoingia macho mekundu. Pojo zilipanda ndani ya chupa kama zinaota. Shule ilijaa macho kama ya majogoo, kila mtu anamtukana mwenzake na wote wanatoa machozi. Sista akavaa viatu, akapiga simu, na siku ile ile tukaambiwa kila mtu kwao, wiki nzima. Mama alinifungia uani nisiwaambukize watoto wa jirani, jirani akamletea maziwa ya kifua chake kwenye kikombe ili nitiwe machoni, nikapona kesho yake. Siku zilizobaki nilicheza mpira mpaka kucha ya kidole gumba ikang'oka. Katika maisha yangu sijaugua ugonjwa wenye heshima kama ule.

Basi akilini mwangu nikaandika hesabu moja, na ndiyo hesabu pekee niliyowahi kuipata bila kunakili: punje zikigusa uzi, shule inafungwa.

Muhula uliopita mwalimu wa hesabu akatangaza mtihani. Mwalimu huyu akisahihisha huwa anasoma matokeo mbele ya gwaride, naye huanzia mkiani. Pale mkiani mimi nina kiti changu, kimekwisha bonyea. Nikaenda kuzitazama chupa za Sista kwa jicho la mtu anayetafuta kiwanja cha kununua. Uzi wa macho ulikuwa umefungwa juu, karibu na shingo. Uzi wa tumbo ulikuwa chini kabisa, karibu na kitako. Punje chache tu na umefika. Sikujiuliza kwa nini tumbo limefungiwa chini. Nilimshukuru Mungu kwa kuninyooshea.

Kupata wagonjwa hakukuwa kazi. Watano walikubali kabla sijamaliza kueleza; wao na mtihani ule walikuwa kama paka na maji. Wa sita ndiye aliyenisumbua. Alikuwa rafiki yangu wa bwenini, kijana wa Ganze, mtoto wa shemasi, mtu ambaye akikanyaga mguu wa kiti anakiomba radhi kiti. Yeye hesabu anazijua. Lakini alikuwa hajafika kwao tangu shule ifunguliwe, na kule kwao mvua ilikuwa imekataa, mamake anakwenda kutafuta maji mbali akiwa peke yake. Nikamwambia wiki moja ya shule kufungwa atachota maji mpaka mitungi ikatae. Akafikiri sana, akaomba dua fupi ambayo sikuisikia, akaniuliza magoti yanabanwa vipi.

Niliwapanga waende mmoja mmoja, wakipishana, maana niliwaambia ugonjwa hauendi foleni. Mimi nikatangulia. Sista aliniuliza tumbo linakata au linazunguka. Nikasema yote mawili. Akaniuliza nimekwenda chooni mara ngapi, nikamwambia nilipoteza hesabu, na hilo alilikubali kwa sababu anazijua alama zangu. Akatia hindi chupani. Likalia tii, nami nikalala mkekani nikiugulia taratibu.

Akaja wa pili, tii. Wa tatu alizidisha, akaanguka mlangoni na kuomba atiwe maji ya uso, nikamkonyeza apunguze. Wa Ganze alikuja wa mwisho, na kwa kuwa alikuwa anaogopa kweli, jasho lake lilikuwa la kweli, midomo imemkauka kweli, akawa ndiye mgonjwa bora kuliko sisi sote. Hindi lake ndilo lililogusa uzi.

Sista aliitazama ile chupa. Akaitikisa kidogo punje zilale vizuri, akaitazama tena. Kisha akavua malapa. Nilipoona vile viatu vyeusi vinaingia miguuni ilinibidi niingize kichwa chini ya shuka, na mwenzangu wa mkeka wa pili akaniuma bega ili asicheke.

Kabla hajatoka alitupa dawa. Dawa yenyewe ni maji yaliyochemshwa, chumvi, na sukari, jagi zima kwa kila mtu, naye alisimama pale akihakikisha yanashuka. Alisema mtu hafi kwa tumbo, anakufa kwa kukauka, na hakuna atakayekauka mikononi mwake. Tukanywa. Aliporudi kutoka kupiga simu akatujazia tena. Tumbo langu likawa kama kiriba. Nikigeuka, mkeka wote unasikia.

Tulingoja kengele ya kwenda nyumbani. Tulichosikia ni mnyororo wa geti.

Mmoja wetu akamuuliza Sista, kwa sauti ya kufa, shule inafungwa saa ngapi. Akasema imekwisha fungwa, geti lina kufuli, haingii mtu wala hatoki mtu, wa bwenini wala wa nyumbani, mpaka atakaposema yeye. Nikainuka nusu mkekani. Nikamkumbusha macho mekundu, kwamba mwaka jana tulikwenda makwetu.

Akasema, "Macho nawapeleka nyumbani kwa sababu mkikaa pamoja mnaambukizana. Tumbo nalifungia hapa hapa. Likitoka hapo getini likaingia kisima cha mtu, hatutahesabu punje, tutahesabu makaburi. Sasa mimi nataka kujua limetoka wapi."

Akavuta kiti nyuma ya pazia na kuanza kutuita mmoja mmoja. Swali lilikuwa moja: tangu jana umekula nini, na umekulia wapi.

Nilikuwa nimewafundisha wale watu kutembea, kuugulia, kukunja uso, hata rangi ya kutaja wakiulizwa rangi. Chakula sikuwafundisha. Hata mimi mwenyewe nilipoitwa nilisema nimekula wali kwetu na nikanyamaza, nikidhani ni maswali ya adabu tu, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani. Nikarudi mkekani. Ndipo nikaanza kusikia kupitia lile pazia.

Wa kwanza akasema maharage ya bwenini, na jana saa nne mahamri na mbaazi za getini. Wa pili hakula bwenini kwa kuwa ni wa nyumbani, kwao walikula muhogo, lakini jana saa nne alikula mbaazi za getini. Wa tatu mbaazi, tena alirudia. Wa nne alikula mbaazi na akaanza kueleza zilivyo, tui zito, kitunguu kimekaangwa mpaka kimesahau jina lake, Sista akamwambia basi inatosha. Niliisikia kalamu inapiga mstari, halafu mstari juu ya mstari. Wa Ganze alipoulizwa alisema kwa ile sauti yake ya kanisani, "Mbaazi za mama wa getini. Mimi sikuwa na kitu, akanikwangulia za chini ya sufuria, akanipa."

Mama wa getini ni mamangu.

Sista hakujua. Yeye hula nyumbani kwake, haendi getini. Na Mama mwenyewe akiwa kazini hataki kuitwa mama; husema nyuma ya sufuria hana mwana, ana wateja, nami hupanga mstari kama mtoto wa mtu. Anaamka kabla ya adhana kukanda unga wa mahamri, anakuna nazi, anazibandika mbaazi kwa moto mdogo, kisha anajitwika njia nzima kutoka Mambrui. Baba yuko Mombasa, na habari zake nazo ziko Mombasa. Kalamu ninayoshika imetoka kwenye sufuria lile, na viatu, na karo, na haya mafuta ninayojipaka nionekane mtoto wa mtu mwenye hali yake.

Basi nikalala pale nimejaa maji ya chumvi, nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimetafuta ugonjwa, nao Sista alikuwa ameupata, tena kwetu.

Aliporudi ofisini kupiga simu ya pili nikawakusanya wenzangu mkekani kama mkuu wa majeshi. Nikawaambia wabadilishe maneno, waseme embe mbichi, waseme samaki wa jana, waseme chochote kinachotoka popote ila getini. Watano wakasema sawa, ila imekwisha andikwa. Wa Ganze akatikisa kichwa.

"Mimi siwezi kumwongopea Sista."

Nikamuuliza kwani sasa hivi anafanya nini pale mkekani.

"Naongopa tumbo," akasema. "Ni uwongo mmoja. Kwa siku moja unanitosha."

Bwana afya alifika kwa gari la serikali lenye vumbi mpaka ndani. Alikuwa mtu mfupi, kaptura ya kaki imepigwa pasi ikasimama, mkononi sanduku jeupe na begani mfuko wa kitambaa unaochakacha. Akazungumza na Sista kwa sauti ya chini, wakaitazama chupa, wakaitazama ile mistari juu ya mbaazi. Kisha askari wa geti akaagizwa akamlete yule mama na sufuria lake.

Na mwenyewe alikuja akitabasamu. Hilo ndilo jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nageuka upande mwingine wa kitanda. Alikuwa ameambiwa anaitwa ndani, akadhani shule imepata wageni wa wilaya na wanataka staftahi. Alikuwa amejifunga leso yake nyingine, ile safi anayoiweka chini ya kikapu. Akatua sufuria, akatoa salamu kwa wote, akamuuliza Sista atenge sahani ngapi.

Bwana afya hakuwa mtu mbaya. Alimwambia polepole, kwa adabu, kwamba vijana wameshikwa na tumbo, kwamba karibu wote wanataja mbaazi zake, na kwamba sheria inamtaka azimwage hapo hapo mbele yake. Na asirudi getini, wala geti la shule nyingine yoyote, mpaka choo chake kipelekwe maabara kipimwe, na majibu yarudi. Alisema huenda ikawa wiki, huenda ikawa zaidi.

Mtu wa mbali anaweza kusema wiki ni nini. Huyo haijui pwani yetu. Habari kwamba mbaazi zako zimemwagwa na bwana afya ingefika Mambrui kabla Mama hajafika, ingefika Malindi imeshaongezewa maiti wawili. Baada ya hapo hata upikie maji ya Zamzam, hanunui mtu.

Mama akatazama mikeka, mmoja mmoja, kila mtoto akikwepa macho yake. Akafika kwangu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maji ya chumvi. Hakusema jina langu, hakuvunja ile sheria yake. Aliketi sakafuni, akafunua sufuria, akapakua sahani ya kujaa, akasema bismillahi na kuanza kula. Alikula kwa utaratibu, tonge baada ya tonge, anakwangua tui kwa hamri kama mtu aliye kwao. Alipomaliza akalamba vidole, akamwambia bwana afya, "Haya. Kama ni sumu nitangulie mimi."

Bwana afya akakohoa. Akasema, naye alikuwa mnyonge kweli, kwamba mwenye kubeba ugonjwa huo wakati mwingine yeye mwenyewe haugui, ila anawapa wengine. Kwa hiyo kula kwake si dalili. Akashika mkono mmoja wa sufuria ili amsaidie kulitoa nje.

Nikasimama. Maji yakasimama nami.

"Sista, hatuharishi," nikasema. "Hakuna anayeharisha. Ni mimi niliyewafundisha. Tulikuwa tunaukimbia mtihani."

Sista akanitazama, akamtazama Mama, akatazama uso wangu tena na uso wa Mama tena, maana mimi na Mama tumefanana mpaka pua. Nikaona jambo limemfikia. Akaniuliza huyu ni mamako, nikasema ndiye. Sasa ndiyo yamekwisha, nikawaza, nitachapwa, Mama ataondoka na sufuria lake.

Sista akaja akaniwekea mkono begani. Macho yake yalikuwa na unyevu. Akamgeukia bwana afya, akamwambia, "Unaona? Anajaribu kumwokoa mamake. Mtoto mwema sana huyu."

Wallahi, miaka yangu yote pale shuleni hakuna mtu aliyewahi kuniita mtoto mwema, na neno lenyewe likaja kunitafuta siku ninayolihitaji kuliko zote liwe mbali nami. Nikaapa. Nikaruka kimo cha mbuzi kuonyesha tumbo langu lilivyo imara, na maji yakalia ndani kama mtungi, Sista akasema eti sikilizeni tumbo la mtoto huyu linavyounguruma. Nikawageukia wenzangu waseme. Watano wakatazama dari. Wao walikuwa wanaifikiria fimbo. Wa Ganze ndiye aliyeketi akasema ni kweli, Sista, sisi wazima. Lakini yeye midomo ilikuwa imekauka, jasho linamtiririka, anatetemeka. Sista akamlaza tena na kumwongezea jagi.

Bwana afya akasema hana haja ya kuamini mtu. Akaufungua ule mfuko unaochakacha, na ndani yake mlikuwa na viberiti vitupu, vingi, kama duka.

Aliyesoma shule zetu anajua. Asiyejua nitamwambia kwa heshima: watu wa afya wakitaka kujua tumbo lako, wanakupa kiberiti kitupu, unakwenda nacho maliwatoni, unakirudisha si kitupu. Tangu asubuhi Sista alikuwa akituomba hicho choo, nasi tukimwambia kimekwisha, tumeshamaliza chote. Sasa nikamwambia Mama asubiri, nikamwomba bwana afya ayaache mazungumzo ya sufuria kidogo tu, nikanyakua viberiti saba na kuwatoa wenzangu nje kwa makwenzi.

Sijapata kuona vijana wakifanya kazi kwa bidii kama ile. Maliwato yetu yana milango mifupi, vichwa vinaonekana juu, na juu ya kila mlango kilikuwapo kichwa kimoja kimekunja uso, safari hii bila kufundishwa. Nilipita nikiwahimiza kama msimamizi wa mashua za mashindano. Mmoja akaniambia nikiendelea kumchekesha atashindwa. Mwingine alikuwa tayari upesi, akatoka amekishika kiberiti juu kama kombe. Tatizo likawa wa Ganze. Chakula cha bwenini kilikuwa kimemfunga siku kadhaa, na sasa watu wote wanamngoja. Nikabisha mlangoni, nikamwambia akumbuke zile mbaazi za chini ya sufuria alizokwanguliwa bila kitu mkononi. Kisha nikasikia anaomba Mungu, kwa Kigiriama, kwa sauti, na kwa muda mrefu. Alitoka amelowa, amesimama wima, akanikabidhi kiberiti. Kilikuwa kizito.

Bwana afya alivipanga mezani. Akachukua kijiti, akafungua cha kwanza, akagonga. Akafungua cha pili, akagonga. Cha wa Ganze alipokigonga, kilijibu. Sista akasogea. Wakainama wote wawili, na bwana afya akanyoosha mgongo wake polepole, akasema, "Sista, huyu haharishi. Huyu tukitaka tunajengea."

Hapo ndipo nilipomwona Sista anacheka. Alianza kwa pua, akajaribu kujizuia, akakaa kitini, akaivua ile kofia ambayo hatujawahi kuiona nje ya kichwa chake, akajifuta nayo machozi. Bwana afya alicheka mpaka kaptura yake ikapoteza ule mkunjo. Hata askari wa geti, aliyekuwa mlangoni kwa ajili ya ulinzi, alitoka nje akaegemea ukuta. Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa Mama. Yeye alikuwa amelishika sufuria lake kwa mikono miwili.

Halafu Sista akairudisha kofia kichwani. Akaichukua chupa ya mahindi akaimwaga kiganjani. Akaniambia sasa anakwenda kupiga simu ya tatu, kusema hakuna mgonjwa. "Na siku likiingia la kweli, nikapiga tena," akasema, "unadhani wataniambia nini?"

Jibu lake naomba nisije nikalijua.

Bwana afya, ili watu wa getini waone kwa macho yao, alikula sahani mbili za mbaazi pale nje hadharani, amesimama karibu na gari la serikali, na akaagiza mahamri ya njiani. Mama aliuza akamaliza, na watu wakasema kwamba mbaazi za mama yule hata serikali inazifuata kwa gari. Sisi saba tulifanya mtihani wa hesabu alasiri ile ile, peke yetu, mwalimu ameketi mbele yetu, tukiomba ruhusa ya kwenda haja ndogo kila baada ya swali kwa sababu ya yale majagi. Kesho yake tulichapwa, tukapewa majembe, na mpaka muhula unakwisha tulikuwa tunachimba shimo jipya la choo. Wa Ganze alichimba kwa moyo safi. Alisema kwao wanachimba kwenda chini zaidi ya hapo kutafuta maji na hawayapati. Yeye alikuwa wa kwanza katika mtihani. Mimi kiti changu sikukosa.

Lakini siku yenyewe ya viberiti, jioni, nilitembea na Mama kutoka shuleni mpaka Mambrui, mimi nimebeba sufuria tupu, yeye mbele. Alipitwa na watu wakamsalimu, akaitikia vizuri, akawauliza hali zao. Mimi hakuniuliza. Tulifika nyumbani, akavua buibui, akaosha upawa, akaswali. Kisha akaniletea chakula. Zilikuwa mbaazi, zile alizozibakisha nyumbani asubuhi kwa ajili yetu, na hamri mbili juu. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akinitazama mpaka nikatia tonge la kwanza mdomoni, na hapo ndipo aliposema:

"Siku nyingine ukitaka kuugua uwongo, mwanangu, ugua kichwa, maana hicho ndicho kibovu. Tumbo lako nalilisha mimi."